Mama Alitaka Kusikia Ndoa

Gisenyi, mutaa wa Mbugangari
Tarehe 8 mwezi wa sita, 1956

Kwako Yaya Mukamana, dada yangu mukubwa,

Asalaam aleikum. Pokea salamu za nyumba nzima, kuanzia kwa Mama pale kitandani kwake mpaka kwa yule jogoo wako uliyekataza tusimuchinje. Yuko hai, anawika saa zisizo zake, na majirani wanamulaani kwa jina lako. Sisi wote tuko wazima, tunamushukuru Mungu. Wasiwasi wetu ni muguu wako. Dereva aliyetoka Usumbura alituambia kwamba umeshaanza kutembea na fimbo, lakini madereva wanasema uongo ili wapewe chai, donc basi tunataka utuandikie mwenyewe. Uvimbe umepungua? Ile dawa ya majani aliyokutumia Mukashyaka, ulijikanda nayo au uliitupa? Sema kweli, muke wangu hatakasirika sana. Na Shemeji Masudi je, kikohozi chake? Mupe salamu zangu, umuambie kwamba kanzu aliyonitumia niliivaa siku ya ndoa, na watu wakaniuliza nimeitoa wapi.

Ndiyo, Yaya, ndoa imepita. Binti yangu Nyiraneza ameolewa Jumapili na Muhamadi, yule kijana fundi cherehani wa karibu na soko, na mambo yalikwenda vizuri kuliko nilivyoomba. Najua ulilia kwa kukosa kuja. Mi pia kila nilipogeuka siku ile nilikutafuta kwa macho, nikikumbuka uko Usumbura na muguu wako juu ya kiti. Sasa ubakize huo muguu hapo hapo, nikupe habari pole pole. Habari yenyewe inanihusu mimi, na unajua ndugu yako hajui kujisifu kwa maneno machache.

Ilianza siku ya Idi. Tulikuwa tumekula tumeshiba, Mama ameegemea muto wake, nami nikamuuliza anataka zawadi gani kwa ndoa ya mujukuu wa mwisho humu nyumbani. Nilidhani atasema kitenge. Akasema anataka kusikia ndoa. Nikacheka, nikamuambia atasikia, kwani si itafungwa hapa hapa uwanjani? Yeye hakucheka. Akasema ameoza watoto sita, na wajukuu ambao hesabu yao imemupotea, na hakuna hata ndoa moja aliyoisikia kwa masikio yake. Unajua we mwenyewe namna ilivyo kwetu. Wanaume wanakaa uwanja wa mbele juu ya mikeka, wanawake wanakaa ndani nyuma ya pazia. Wanawake wanasikia vikohozi, wanasikia vicheko, wanasikia hata nani anaomba nyama ingine. Lakini ndoa yenyewe, walii, yule anayemuoza binti, anamushika bwana arusi mukono, na maneno yanasemwa chini chini kati yao wawili na Mwalimu wa dini. Ndani inaingia habari tu, kwamba tayari, imefungwa. Mama akasema amechoka kuletewa habari. Anataka maneno yenyewe, tangu la kwanza mpaka la mwisho, kabla Mungu hajamuita. Na masikio yake sasa yamepungua, na miguu haimutoi tena kwenye chumba cha nyuma.

Yaya, mutu ana mama mumoja. Nikamuahidi palepale mbele ya wote kwamba atasikia kila neno, na asiposikia, mi si fundi wa umeme wa malori tena, nitakwenda kuuza samaki. Phocas alikuwa hapo, yule rafiki yangu muvuvi. Ni Mukristo, lakini hajakosa Idi yetu hata moja juu ya pilau. Akapiga makofi, akasema anaanza leo kunitafutia kikapu.

Mi nilikuwa na sababu ya kuahidi. Unakumbuka yule muzungu mwenye hoteli kando ya ziwa, ambaye voiture yake inakataa kuwaka kila asubuhi mpaka niitwe? Alinunua mashine mupya ya kukuza sauti kwa ajili ya dansi zao, ile ya zamani akaniachia. Ni sanduku lenye taa za kioo ndani, na mikro moja ya kusemea, na bafle moja kubwa ya kutolea sauti. Nzima kabisa. Shida ilikuwa moja tu. Mashine ile inakula umeme wa majumba, na umeme huo haujafika kwetu Mbugangari, unaishia kule kwenye bustani za maua za wazungu. Mi niko na betri ya lori. Umeme wa betri unakwenda upande mumoja tu, hauna habari ya kurudi, na ni mudogo. Mashine ya hoteli inataka umeme unaokwenda na kurudi, kwenda na kurudi, mara nyingi kabla hujafumba jicho, tena wenye nguvu. Donc ilibidi nitengeneze kigeuzi, kitu cha kumeza umeme wa betri na kutoa umeme wa majumba. Hapa Gisenyi sikumujua mutu aliyewahi kukitengeneza kwa mikono yake. Ninaandika hivyo bila haya.

Nilifanya hivi. Nilichukua honi ya lori iliyokufa, nikatoa ndani yake ule ulimi wa chuma unaotetemeka, nikaupanga ugonge platini, vile vipande vya chuma vinavyogusana kupitisha umeme, ya kushoto na ya kulia, kushoto na kulia, ili umeme upite huku, kisha upite kule. Halafu transfo, ile ya kuongeza nguvu. Chuma chake nilikitoa kwenye radio mbovu, waya ya shaba nikaizungusha mwenyewe. Mwenyewe ni namna ya kusema. Mukashyaka aliniona nikizungusha kwa mukono, waya inapandana, mi natukana. Akanisukuma pembeni na kalio, akafunga ile transfo kwenye gurudumu la cherehani yake, akaizungusha kwa mustari muzuri, safu juu ya safu, huku anaimba. Tangu siku hiyo anaiita mashine ile muke mwenza. Anawaambia watu kwamba yeye ndiye aliyemusuka nywele, na mi ndiye ninayeshinda naye.

Bon. Siku ya kwanza ya kukiwasha kigeuzi nilimuita Phocas aje aone. Hilo lilikuwa kosa. Nilikuwa nimefunga kipima ampea, ile saa ndogo ya kwenye dashibodi, ili nijue mashine inakula umeme kiasi gani. Nikaunganisha betri. Ulimi ukalia, sindano ya kipimo ikaruka mpaka mwisho ikalala hapo, cheche za buluu zikatoka, waya ikafuka moshi, fyuzi ikakatika. Nilipogeuka, Phocas alikuwa ameshafika barabarani. Akarudi na mwendo wa mutu anayejifanya alikwenda kuangalia mvua, akaniuliza kikapu nataka cha mushikio mumoja au miwili.

Nikakaa chini nikafikiri. Nikakuta kwamba platini nilizipanga karibu mno. Ulimi ulikuwa unashika ya kulia kabla haujaachia ya kushoto, na hapo umeme wote unapita kwa pamoja, hakuna wa kuuzuia. Nikapiga tupa, nikapanua nafasi kwa unene wa ukucha. Nikawasha. Sindano ikakaa mahali pake, nikaanza kutabasamu, kisha ikaruka. Ikatulia, ikaruka tena. Cheche bado zilikuwepo, na baada ya muda ulimi ukaungua ukagandamana na platini, kimya.

Hapa ndipo kazi yangu ya malori ilinisaidia. Waya iliyozungushwa namna ile ina kiburi, Yaya. Ukiikatia umeme ghafla haikubali, inaurusha ule iliokuwa nao, na inaurusha kwa hasira. Kwenye lori tunaijua tabia hiyo, ndiyo sababu kando ya platini kuna kondensa, kikopo kidogo cha kuupokea huo mushindo. Nikaweka kondensa ya lori kule kwenye umeme mukubwa unakotokea. Ikapasuka. Nikaweka ingine, ikapasuka, na kipande kikanipita karibu na sikio. Nikaacha kulaani nikaelewa. Upande ule umeme umeshaongezwa nguvu na transfo, na kondensa ya lori huko ni mutoto mudogo. Basi ya lori nikaishusha kwenye platini, na kwa umeme mukubwa nikatafuta ingine ndani ya ile radio mbovu, ngumu, inayoweza kuvumilia. Nikawasha. Sindano ikasimama. Nikahesabu pumzi zangu, imesimama. Nikaunganisha sanduku la hoteli, zile taa zake za kioo zikaanza kuwa nyekundu pole pole, moja baada ya ingine. Yewe! Nilipiga kelele mpaka wenzangu wa gereji wakakimbia na ndoo ya muchanga, walidhani nimeshika moto.

Ulibaki muvumo. Ulimi wa kigeuzi ukitetemeka, bafle nayo inavuma, na ukisema kwenye mikro sauti yako inatoka imejaa nyuki. Huo haukunitesa sana. Nikakitia kigeuzi ndani ya debe tupu la mafuta, debe nikaliunga na betri upande wa hasi, waya zake nikazisokota mbili mbili, vyote nikavipeleka nyuma ya jiko. Nyuki wakaondoka, wakabaki wawili watatu wa kuvumilika.

Sasa ilibaki ruhusa. Mwalimu Abdu nilipomuendea hakufurahi. Alisema ndoa si soko, na kwamba alishasikia mashine za namna hiyo kwenye sherehe za serikali, zinapiga yowe katikati ya maneno ya wakubwa. Nikamuambia ni kwa ajili ya Mama. Si unajua kwamba Mama ndiye aliyemulisha alipofika muji huu hana mutu. Akakubali kwa sharti moja, aisikie kwanza Jumamosi, siku ya kabla ya ndoa. Ikipiga yowe mara moja tu, inatoka nje, na Mama ataletewa habari kama wanawake wote.

Jumamosi muchana nikapanga kila kitu. Mikro nikaiweka mbele, kwenye mukeka wa Mwalimu. Bafle nikaiweka ndani, nyuma ya pazia tu, wanawake wakiizunguka. Mwalimu akakohoa, akasema Bismillahi. Neno likatoka kule ndani kubwa na zuri, nikamuona Mukashyaka anachungulia na meno yote nje. Kisha ikaanza. Kwanza filimbi nyembamba, kisha ikapanda, ikapanda tena, ikawa yowe la kupasua kichwa. Kuku wakakimbia, mutoto wa jirani akalia, jogoo wako akajibu. Na sindano ya kipimo ikaruka mpaka mwisho, kama siku ya kwanza. Nikazima. Mwalimu akasimama, akakunguta kanzu, akaniambia kwa upole kwamba nimejitahidi. Afadhali angenitukana.

Nikaingia kwa Mama. Akaniambia haizuru, amesikia Bismillahi, na Bismillahi inamutosha. Alisema hivyo huku anageukia ukuta. Yaya, mi ni mutu muzima, nina binti wa kuoza, lakini pale nilitaka kukaa chini nilie.

Nikarudi kwenye kigeuzi na hasira. Si nilikuwa nimeona sindano ikiruka? Basi ugonjwa uko hapo hapo wa zamani. Nikakifungua chote, nikapiga tupa platini, nikabadilisha waya, nikaikaza kondensa. Nikawasha, nikasema neno moja, yowe. Nikafungua tena. Jasho linanitoka, na wageni kutoka Mudende wameshaanza kufika na magunia ya viazi, wananiangalia. Phocas alikuwa ameleta samaki za arusi, amekaa kwenye mukeka wa wanaume. Akamunong'oneza jirani yake, kwa sauti ya chini kabisa, kwamba mi sitafaa hata kwa samaki, juu mutu asiye na subira anawauza wabichi, kabla hawajakauka. Kutoka nyuma ya pazia, Mukashyaka, aliyekuwa anamenya viazi, akamujibu kwamba na yeye Phocas awe na subira, asiwe anaonja pilau kabla haijaiva. Watu wote wakacheka, pande zote mbili.

Mi sikucheka. Niliangalia lile pazia, lililomupitishia Mukashyaka hata munong'ono. Nimeliheshimu tangu nilipojua kutembea, na kwangu mimi nyuma ya pazia ni nchi ingine. Nilipopanga vitu vyangu nilifikiri bafle iko kwa wanawake, mikro iko kwa wanaume, havionani. Lakini mikro haikufundishwa adabu yetu. Kwake pazia ni kitambaa, basi. Sauti ya Mwalimu inatoka kwenye bafle, inapita kitambaa, inaingia tena kwenye mikro, inakuzwa, inatoka kubwa zaidi, inarudi tena, mpaka inakuwa yowe. Nikawasha mashine, nikaiacha ipige, nikachomoa waya ya mikro. Yowe likakatika palepale. Kigeuzi kinaendelea kulia taratibu, sindano imetulia mahali pake. Umaskini wa akili! Mashine ikipiga yowe inakula umeme mwingi, ndiyo sababu sindano inaruka. Sindano ilikuwa inafuata yowe, na mi nilikuwa namutibu mutu asiyeumwa.

Nikabeba bafle mpaka chumba cha nyuma kabisa, nikaiweka miguuni kwa kitanda cha Mama, mudomo wake umemutazama yeye. Mulangoni nikatundika mablanketi yote ya nyumba, pamoja na yale mazito waliyokuja nayo wageni wa Bugeshi. Sauti ya mashine nikaipunguza, mikro nikaisogeza karibu na mudomo. Nikasema, kimya. Nikasoma Fatiha yote, kimya, na Mama akaitika Amina kule ndani.

Lilibaki jambo moja, vigelegele. Mikro ilikuwa itakwenda mpaka kwenye pazia kuchukua jibu la bibi arusi, na wanawake wakipiga pale, mashine itapiga nao. Nikawaambia hakuna kigelegele mpaka Mwalimu aseme imefungwa. Mbega, nilivyosemwa! Waliuliza kama ni arusi au ni matanga. Lakini Mama akatuma neno kutoka kitandani kwamba atakayefungua mudomo mapema, pilau ataisikia harufu tu. Mwalimu akaja Jumapili asubuhi, akaisikiliza mashine, akakaa kwenye mukeka wake bila kusema kitu. Kwa Mwalimu Abdu hiyo ni sifa kubwa.

Wageni wakajaa mpaka barabarani. Mi ndiye walii, donc nikasimama na mashahidi wawili kwenda kumuuliza bibi arusi, mikro mukononi, waya inanifuata nyuma. Unajua kwamba siku zote wanawake wakisikia viatu vya walii vinakaribia, wanaanza vigelegele. Safari hii hakuna. Nilisikia viatu vyangu mwenyewe. Nikasimama kwenye pazia, nikamuuliza binti yangu kama amekubali nimuozeshe kwa Muhamadi kwa mahari anayoijua. Nikapitisha mikro chini ya pazia. Kimya. Yaya, sijawahi kuogopa kimya namna ile. Nilifikiri, na akisema hapana? Uwanja umejaa, nyama imeiva, na akisema hapana? Ndipo nilijua kwamba katika ndoa zote nilizohudhuria sikuwahi kuliona hilo kuwa ni swali. Kisha Nyiraneza akasema nimekubali, Baba, Muhamadi ninamutaka. Lile neno la pili hakuna aliyemufundisha! Wanaume wakacheka, Muhamadi akainamisha kichwa kwa haya, na mi machozi yalinitoka mbele ya watu wote wa Gisenyi. Andika hilo mahali.

Ndoa ikafungwa. Nilimushika Muhamadi mukono, Mwalimu kati yetu, mikro kati yetu. Kila neno lilikwenda nyuma. Mashine haikupiga yowe hata mara moja, sindano haikutingishika. Mwalimu aliposema imefungwa, wanawake waliachia vigelegele walivyovifunga tangu asubuhi, na mashine nayo ikajiunga, ikapiga yowe lake lote, na Mwalimu Abdu akacheka mpaka akashika mbavu. Tangu siku hiyo napita mutaani kama mutu aliyeleta mvua. Muzungu wa hoteli alikuja kuangalia debe langu, akalizunguka, akavua kofia. Katekista wa kwao Phocas ananiuliza kama litaweza kufika kanisani. Phocas anawaambia wavuvi wote kwamba alikuwepo tangu cheche ya kwanza, na hasemi alikimbia. Jivune, Yaya. Mi ninajivuna mpaka Mukashyaka amechoka.

Sasa, kama Shemeji yuko karibu, au kama kuna mutu anakusikiliza ukisoma, simama hapa kwanza. Mutume dukani.

Baada ya watu kula, Mama aliniita, akaniambia nifunge mulango. Nilijua nakwenda kushukuriwa, nikakaa vizuri. Alinishika mukono, akanishukuru kweli, kisha akanieleza kwa nini alitaka kusikia. Alisema siku ya ndoa yako wewe, alikuwa amekaa karibu nawe, amekushika mukono, umefunikwa. Baba Kadiri, Mungu amurehemu, alikuja na mashahidi kukuuliza. Wanawake wakasikia viatu, wakafikiri mambo yameisha huko mbele, wakapiga vigelegele. Baba akasikia vigelegele, akafikiri umeshakubali, akageuka. Wanawake wakaona wanageuka, wakapiga zaidi. Wanaume wakasikia zaidi, wakaharakisha. Na ndoa ikafungwa. Mama alisema aliuona mudomo wako umefunguka chini ya kitambaa, unangoja swali, na swali halikuja. Alijua hukuulizwa. Na yeye akapiga kigelegele.

Lile yowe, la sauti za pande mbili zinazokuzana, nilikuwa nalijua, nililisikia Jumamosi.

Alisema tangu hapo kila ndoa alikuwa anakaa nyuma ya pazia anatega sikio kama mutoto wa mutu mwingine anaulizwa, na kila mara kelele zinamufunika. Alitaka, kabla hajaondoka, ajue kama lile swali kweli linaulizwa. Jumapili amelisikia, na amesikia namna linavyojibiwa. Basi akaniagiza. Baba hayupo tena, na mi ndiye niliyebaki mahali pake, donc walii wako sasa ni mimi. Nimeazima kalamu nzuri ya Mwalimu kwa ajili ya mistari hii tu.

Mukamana binti Kadiri, mimi Faradji, ndugu yako, nikiwa nimesimama mahali pa Baba, nakuuliza: umekubali kuwa muke wa Masudi?

Jibu unalotaka, Yaya. La siku ile au la leo, chagua mwenyewe. Mi namupenda Shemeji, unajua, na kanzu yake ninayo, lakini hilo lisikufunge. Hata kama ni hapana, andika hapana. Mama amesema ana nguvu ya kulisikia. Nitaliingiza kwenye mikro na kumusomea mi mwenyewe, mulango umefungwa, neno kwa neno.

Mukashyaka anakusalimu, anasema fimbo usiiache mapema. Nyiraneza na mume wake wanakubusu mukono. Phocas anakutumia samaki wakavu kwa dereva huyu huyu, uwahesabu mbele yake. Mama yeye hakutuma salamu ingine zaidi ya hilo swali, ila amekataza vigelegele humu nyumbani mpaka barua yako ifike. Jana mbuzi imezaa mapacha na hakuna mwanamuke aliyethubutu. Wote wamefunga midomo, wanakungoja we.

Ni mimi ndugu yako na walii wako,
Faradji wa Kadiri